Kazi ya kanda, masafa marefu au kushinda mjini: dereva wa lori Marekani achague ipi?

Leseni ya CDL Daraja A, ile ya kuendesha malori makubwa ya tela, ikishatoka, simu haipoi. Waajiri wanapiga, wanatuma meseji, na karibu wote wanaanzia pale pale: senti kwa maili. Huyu anatoa 58, yule 65, mwingine 72 "ila ukaze". Vijana wetu wa Lexington, Louisville, Columbus na Dallas nao wanapimana hivyo hivyo kwenye magrupu ya WhatsApp: "Kaka, kampuni yako inatoa senti ngapi?" Swali halina ubaya, ila jibu lake halitoshi kumfanya mtu aache kazi moja akimbilie nyingine. Lori likikaa saa sita kwenye ghala linasubiri kushushwa, senti 72 mara maili sifuri ni sifuri.

Kwa hiyo nalinganisha aina za kazi, si viwango vya matangazo. Katikati naweka kazi ya kanda kwa tela la boksi, ile ambayo Wamarekani huita drai vani, kwa sababu ndiyo inayowaangukia wengi wetu mwaka wa kwanza. Nitasema mapema ninakoegemea: mwenye mke au mume na watoto, na ambaye bado hana uzoefu wa miaka miwili, aanzie hapo. Lakini kuna sharti, nalo linahusu matela kuliko mshahara.

Boksi ni nini, kanda ni nini

Tela la boksi ni lile la futi 53 lenye kuta na paa, halina friji wala joto. Linabeba paleti 26 hivi: karatasi za chooni, maji ya chupa, matairi, bia, unga, vipuri, chochote kisichooza. Ukijumlisha kichwa, tela na mzigo, sheria ya barabara kuu inaruhusu paundi 80,000, yaani kama tani 36. Aliyewahi kuendesha Mombasa–Kampala au Dar–Tunduma atashangaa kidogo, maana Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa gari la ekseli saba. Huku ekseli ni tano na uzito ni mdogo. Utingo pia hakuna. Anayekuongoza rivasi ni wewe, anayekagua matairi ni wewe, anayefungua milango ya tela usiku wa manane theluji ikianguka ni wewe.

Kanda maana yake unazunguka majimbo machache yanayopakana. Mwenye makao Kentucky atagusa Ohio, Indiana, Tennessee, Illinois, pengine Georgia. Unaondoka Jumatatu alfajiri au Jumapili usiku, unarudi Ijumaa jioni au Jumamosi, na usiku wa katikati unalala kwenye kitanda cha nyuma ya kiti. Masafa marefu ni majimbo yote 48 ya bara: wiki mbili, tatu, hata nne nje, na desturi ya kampuni nyingi ni siku moja ya nyumbani kwa kila wiki uliyokaa barabarani. Kushinda mjini ni kuondoka na kurudi siku hiyo hiyo.

Saa za sheria kwa kanda na masafa marefu ni zile zile. Unaendesha saa 11, ndani ya dirisha la saa 14, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Baada ya saa nane za kuendesha lazima usimame nusu saa. Jumla ni saa 70 ndani ya siku nane, na ukipumzika saa 34 mfululizo hesabu inaanza upya. Kifaa cha ELD, kile cha kielektroniki ndani ya lori, kinaandika saa zako zote, huwezi kukibembeleza.

Hizo saa 34 ndizo zinazotenganisha maisha ya hao wawili. Dereva wa kanda akizima lori Ijumaa saa moja jioni na kuliwasha Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, amepumzika saa 58. Hesabu yake imeanza upya akiwa kwake, amekula ugali wake, ameenda kanisani au msikitini, ameona ripoti za watoto. Wa masafa marefu mara nyingi saa 34 zake zinaishia kwenye maegesho ya kituo cha malori huko Nebraska, ananunua chakula cha dola ishirini na kusubiri zamu ya kuoga. Hizo ni saa za mapumziko kisheria, lakini si mapumziko, na hakuna anayezilipa.

Hesabu ambayo mwajiri hakupigii

Chukua namba za mfano, uweke zako mwenyewe baadaye. Wa masafa marefu anapiga maili 2,800 kwa wiki kwa senti 60: dola 1,680. Wa kanda anapiga maili 2,200 kwa senti 62: dola 1,364. Wa mjini anafanya saa 55 kwa dola 27: dola 1,485. Ukitazama jumla tu, wa masafa marefu ndiye bingwa.

Sasa gawanya kwa saa ambazo kila mmoja hakuwa nyumbani. Wa masafa marefu hakuwepo wiki nzima, saa 168, kwa hiyo amepata dola 10 kwa saa. Wa kanda, kutoka Jumatatu saa kumi na moja alfajiri hadi Ijumaa saa moja jioni, ni saa 110: dola 12.40. Wa mjini ni dola 27, hata bila nyongeza ya saa za ziada. Na usishangae kuikosa hiyo nyongeza, kwani sheria ya shirikisho haiwalazimishi waajiri kuwalipa madereva wa mizigo ya kati ya jimbo na jimbo moja na nusu baada ya saa 40. Kampuni nyingine hulipa kwa hiari, au kwa sababu ya sheria ya jimbo. Uliza.

Najua kuna atakayesema usingizi si kazi, usiuhesabu. Sawa, lakini kulala umbali wa maili 900 kutoka kwa mtoto mwenye homa si sawa na kulala chumba cha pili. Kama huna familia hapa, kodi yako ni ya kugawana na wenzako wanne, na lengo ni kutuma pesa Goma au Kigoma upesi iwezekanavyo, basi hesabu hii haikuhusu sana. Masafa marefu yatakufaa: huna matumizi, unaishi kwenye lori, na pesa inakaa.

Mbona basi wote wasikimbilie kazi ya mjini? Kwanza, nyingi hazimchukui mgeni. Bima ndizo zinazoamua, na kampuni nyingi za mjini zinataka mwaka mmoja au miwili ya uzoefu usio na ajali. Pili, mjini ndiko kwenye rivasi ngumu: vichochoro, doki za miaka ya zamani, magari ya watu yameegeshwa kila upande, mara kumi kwa siku. Tatu, mara nyingi unashusha mwenyewe kwa toroli la paleti, na zamu nzuri za mchana zimeshikwa na wenye miaka mingi kazini. Mgeni anapewa kuanza saa nane usiku. Unakuwa nyumbani kila siku, ndiyo, lakini umelala wakati wengine wako macho.

Sharti lenyewe: nani anasubiri, wewe au tela?

Hapa ndipo kazi mbili za kanda zenye senti sawa zinapoachana kabisa.

Mzigo una njia mbili za kupakiwa. Ya kwanza, unafika kwenye ghala, unapewa namba ya doki, unarudi rivasi na kukaa hadi wamalize. Ya pili, unaacha tela tupu uwanjani, unaunganisha lililojaa tayari, unaondoka. Njia ya pili inachukua dakika thelathini mpaka arobaini ukiwa makini. Ya kwanza inaweza kula nusu ya dirisha lako la saa 14, na dirisha hilo halisimami kwa sababu foklifti imeharibika. Fidia ya kusubiri kwa kawaida huanza kuhesabiwa baada ya saa mbili za mwanzo, na hata ikilipwa haifikii thamani ya maili ulizopoteza.

Kwa wa masafa marefu, kucheleweshwa mara moja kunamezwa na safari ya maili 1,500 inayofuata. Wa kanda hana bahati hiyo. Safari zake ni za maili 250, 300, 400; kwa wiki anagusa maghala manane au kumi. Kila ghala likimwibia saa tatu, zile maili 2,200 nilizoandika hapo juu zinashuka hadi 1,600 na Ijumaa ya kurudi nyumbani inageuka Jumamosi mchana. Ndiyo maana nasema kazi ya kanda isiyo na matela ya kuacha na kuchukua ni mbovu kuliko masafa marefu. Unapata ubaya wa pande zote mbili: hulali nyumbani na maili hazipo.

Bora kuliko zote katika kundi hili ni kuwekwa kwa mteja mmoja maalumu. Unapeleka mizigo ya kiwanda kimoja kwenye maghala yale yale wiki nenda wiki rudi. Unajua geti la kuingilia, unajua mahali pa kulala bila kufukuzwa, mlinzi anakujua. Maegesho si jambo dogo. Kuanzia saa kumi na mbili jioni vituo vya malori kwenye barabara kuu vinajaa, na dereva aliyebakiza dakika ishirini kwenye ELD anaishia kwenye njia ya kutokea barabara kuu, mahali pasiporuhusiwa wala kuwa salama. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya maegesho ya malori mwaka 2012, ikapewa jina la Jason Rivenburg, dereva aliyeuawa mwaka 2009 akiwa ameegesha kwenye kituo cha mafuta kilichotelekezwa kwa kukosa pa kulala. Tatizo lenyewe bado lipo.

Boksi, friji au tela la wazi

Watu hudhani boksi ni kazi ya kufunga mlango na kwenda. Ni rahisi kuliko nyingine, ila ina mitego yake, na mkubwa ni uzito. Mzigo unapakiwa hukuuona, mlango unafungwa kwa lakiri yenye namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya mzigo, na ukikata lakiri hiyo bila ruhusa mpokeaji anaweza kukataa mzigo wote. Lakini mizani ikikukamata, faini inaandikwa kwako na kwa kampuni yako, si kwa kijana wa foklifti.

Tuseme umepakia maji ya chupa. Unapita kwenye mizani ya kituo cha malori, karatasi inasoma: ekseli ya mbele 11,800, ekseli za kichwa 35,100, ekseli za tela 31,900. Jumla ni 78,800, uko ndani ya 80,000. Bado hujapona, kwa sababu ekseli pacha za kichwa haziruhusiwi kuzidi 34,000. Hapo unashuka, unavuta ule mkono wa pini chini ya tela, unafunga breki za tela, unasogeza kichwa nyuma taratibu ili tela liteleze juu ya ekseli zake na magurudumu yabaki karibu zaidi na mbele. Uzito unahamia kwenye tela. Unashuka tena kuhakikisha pini zote zimeingia kwenye matundu, unapima upya. Mkono wa pini ukiwa na kutu utautukana kwa lugha zote unazozijua. Ukikosea mwelekeo ukasogeza magurudumu nyuma, kichwa kinazidi kulemewa. California ina kipimo chake pia, magurudumu ya tela hayaruhusiwi kukaa nyuma sana, kwa hiyo aliyezoea Indiana asidhani mambo ni yale yale kila jimbo.

Kabla ya kupakia, ingia ndani ya tela tupu, mwenzako afunge milango, utazame juu. Ukiona mwanga unapenya, kuna tundu, na mvua moja tu itaharibu paleti za karatasi. Sakafu yenye unyevu au harufu ya kemikali itakufanya urudishwe getini na watu wa chakula.

Friji inalipa juu kidogo na haikosi kazi. Mzigo wa vyakula upo mwaka mzima, na tela la friji linaweza kubeba mzigo mkavu pia, wakati boksi haliwezi kubeba kuku walioganda. Januari na Februari, baada ya pilikapilika za Krismasi kuisha, madereva wa boksi huona maili zikipungua. Wa friji hawaumii sana. Ila gharama yake ni maghala ya vyakula. Miadi ni ya saa nane usiku, kusubiri ni kwa muda mrefu, kuna malipo ya washushaji ambayo lazima dispacha, yule anayekupangia mizigo, ayaidhinishe, na injini ya friji inanguruma nyuma ya kichwa chako usiku kucha. Baridi ikipotea njiani, mzigo mzima unaweza kukataliwa. Mgeni wa mwaka wa kwanza na kazi hiyo ya kanda, mimi sioni sababu.

Tela la wazi linalipa vizuri kuliko yote matatu kwa kawaida, na lina heshima yake. Unafunga minyororo, mikanda, turubai lenye uzito wa mtoto wa darasa la sita, ukiwa juu ya mbao zilizoganda kwa baridi. Sheria inakutaka ukague ufungaji ndani ya maili 50 za kwanza, halafu kila maili 150 au saa tatu, kipi kitangulie. Mwenye tela la boksi lililofungwa lakiri hana jukumu hilo. Kwa upande mwingine, wa tela la wazi hushusha mchana kwenye maeneo ya ujenzi, na usiku analala kama binadamu. Kijana mwenye mgongo mzima anayependa kutoka jasho, aende. Aliyetimiza miaka hamsini afikirie mara mbili.

Kanda gani?

Neno moja, kazi tofauti sana. Kanda ya katikati, kuzunguka Ohio, Indiana na Illinois, ina viwanda na maghala tele, barabara pana, na miezi minne ya theluji, hasa karibu na Maziwa Makuu ya huku Amerika. Kusini-mashariki hali ya hewa ni nzuri zaidi, japo Atlanta itakula saa zako. Kaskazini-mashariki ndiko wanakolipa nyongeza, na hawakulipi bure: madaraja ya kupita chini yake yenye kimo kifupi, ushuru wa barabara kila mahali, doki zilizojengwa enzi za malori madogo. Barabara za New York zinazoitwa "parkway" haziruhusu malori, na tela la futi 53 haliruhusiwi ndani ya jiji isipokuwa kwenye njia chache maalumu. GPS ya simu haijui hayo. Kwa mwaka wa kwanza, senti tano za nyongeza hazilipi paa la tela lililobanduka.

Na popote utakapokwenda, Kiingereza cha kumjibu askari sasa ni sharti lenye meno. Kanuni ni ya zamani, lakini tangu Juni 25, 2025 dereva anayeshindwa kuzungumza na mkaguzi au kusoma alama za barabarani anasimamishwa hapo hapo. Wasio raia wala wenye Green Card wajue pia kwamba kanuni za leseni zao zilibanwa Septemba 2025 na jambo likafika mahakamani, kwa hiyo waulize ofisi ya leseni ya jimbo lao kabla ya kulipia shule.

W-2, 1099, na lori la "kumiliki"

Kampuni ndogo nyingi, zikiwemo za ndugu zetu, zinakuajiri kwa 1099, yaani fomu ya kodi ya mkandarasi, badala ya W-2 ya mwajiriwa. Senti zinaonekana nono kwa sababu hakuna kilichokatwa. Mwezi wa kodi ukifika unajikuta unalipa asilimia 15.3 ya kodi ya kujiajiri peke yako, ambayo kwa W-2 nusu yake hulipwa na mwajiri, tena bila bima ya afya wala fidia ukiumia. Ndiyo, wa 1099 anaweza kutoa posho ya chakula ya kila siku kwenye hesabu za kodi, kitu ambacho wa W-2 hawezi tangu 2018. Mara nyingi hiyo haizibi pengo. Senti 62 za W-2 zenye bima ya familia zinaweza kushinda 75 za 1099. Na kama wanakupangia lori, saa na njia, halafu wanakuita mkandarasi, pana walakini.

Mpango wa kukodi lori huku ukilinunua kutoka kwa kampuni ile ile inayokupa mizigo, usiuguse mwaka wa kwanza. Kikosi kazi kilichoundwa na serikali ya shirikisho kuichunguza mikataba hiyo kilipendekeza Januari 2025 ipigwe marufuku. Si mimi ninayetia chumvi.

Utakapopigiwa simu na mwajiri

Acha senti zikae mwisho. Uliza wastani wa maili za dereva wa kanda kwa wiki, siyo za "dereva bora". Uliza saa ngapi Ijumaa wanarudi, na wiki ngapi kati ya nne wanalala nyumbani Jumamosi na Jumapili zote mbili. Uliza maili zinahesabiwaje, kwa njia halisi ya lori au kwa kitabu cha zamani kinachopunguza. Uliza nani analipa ushuru wa barabara na washushaji, na kama analipa papo hapo au unarudishiwa. Halafu omba namba ya dereva anayefanya kazi hiyo hiyo sasa, umpigie mwenyewe jioni.

Na kuna swali moja ambalo waajiri wengi hawalitarajii: kampuni ina vichwa vingapi na matela mangapi? Wakikwambia vichwa 100 na matela 300, kuna matela yanayopakiwa wakati wewe uko barabarani. Wakikwambia vichwa 40 na matela 42, kila mzigo utausubiri wewe.